Sanduku la Nahodha Ghaith

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha Polisi, Muscat
Tarehe: Jumapili, 25 Januari 2026, kuanzia saa tatu na robo asubuhi
Jina: Sleyum bin Khalfan
Umri: Miaka 66 kwa mujibu wa pasipoti
Kazi: Mstaafu wa bandarini, sasa ni mwangalizi wa sabla
Makazi: Azaiba
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi. Yatafasiriwa kwa Kiarabu.

Mimi niliyetajwa hapo juu nnaeleza kwa hiari yangu, na nimeshaambiwa kuwa kusema uongo mbele ya afisa ni kosa. Nimeomba niseme Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu ni cha sokoni na cha msikitini, na mambo haya hayakutokea sokoni wala msikitini. Afisa anayeandika, Hatem, mwenye cheo cha Mulazim, amekubali. Hii ni mara ya tatu nnaeleza. Mara ya kwanza nilimweleza mwanasheria wa ubalozi uliolalamika. Mara ya pili nilimweleza mke wangu, na maswali yake yalikuwa magumu zaidi.

Sabla ni ukumbi wa watu wa mtaa. Arusi hufanywa pale, azaa, yaani matanga, hukaliwa pale, na watu wakigombana husuluhishwa pale. Kazi yangu ni kufungua mlango, kuhakikisha kahawa na tende zipo, na kukaa karibu na mlango. Mtu akikaa karibu na mlango miaka kumi na mbili anajifundisha kuangalia watu. Hakuna la kufanya jingine.

Nimeulizwa nilivyolijua jambo la Nahodha Ghaith. Nimelijua kwa Bi Sayyida, mwenye umri wa miaka themanini na nne, jirani yangu, ambaye Ghaith alikuwa babu wa baba yake. Baadaye, kabla ya sherehe ya kumrudisha, ubalozi ulinipa tafsiri za barua za zamani, nikazisoma zote, ingawa nnadhani waliniletea ili nizipange mezani.

Kwa mujibu wa barua hizo, chombo cha Ghaith kilikuwa na karatasi na bendera ya taifa moja la Ulaya. Manahodha wa wakati ule walizichukua ili manowari za taifa jingine la Ulaya zisiwasumbue. Zikamsumbua. Alikamatwa njia ya Ras al Hadd, anavuta nyuma jahazi lisilo lake. Yeye alisema jahazi lile lilimgonga, likamzamishia watu, akalichukua apate kuwaokoa. Wenye jahazi walisema ni haramia.

Serikali ya hapa iliandika kuwa huyu ni mtu wetu, mleteni kwa kadhi wetu. Taifa la bendera liliandika kuwa bendera ni yetu, na kama ni kunyongwa basi tutamnyonga sisi. Taifa la manowari liliandika kuwa baharini hakuna kadhi. Barua zilikwenda na kurudi karibu mwaka mzima, na yeye amefungwa mnyororo ndani ya manowari, hapa hapa bandarini Muscat, anausikia mji unaadhini. Ni barua nzuri, zina adabu, kila moja inaanza kwa kuulizana afya. Wote wanagombea haki ya kumwadhibu. Sikuona hata mstari mmoja wa mtu anayeuliza kama alifanya. Mwisho taifa la manowari lilimnyonga kwenye mlingoti, wale wengine wakaandika barua za kulalamika, na mambo yakaisha. Kiwiliwili kilitiwa baharini. Daktari wa manowari alichukua kichwa, kwa elimu.

Mwaka jana ubalozi wa taifa la manowari ulimwandikia Bi Sayyida kuwa makumbusho ya kwao yamefungua makabati, yakakuta fuvu lenye jina, na yangependa kulirudisha kwa heshima. Bi Sayyida aliniuliza siku ambayo sabla iko wazi. Nilimpa Jumanne, tarehe 20 Januari, baada ya sala ya alasiri.

Tangu hapo kulikuwa na mambo mawili katika siku moja na ukumbi mmoja. Ubalozi uliandaa sherehe ndogo ya makabidhiano. Bi Sayyida aliandaa azaa. Hakuna aliyemficha mwenzake. Ubalozi ulimtumia yeye ratiba, na yeye aliwatumia wao tangazo la msiba. Nnadhani kila mmoja aliona karatasi ya mwenzake ni namna ya adabu tu.

Nimeulizwa habari ya karatasi ya kupokelea. Nnaijua. Rawan, binti wa mtaa wa Ghubra anayefanya ukalimani pale ubalozini, alikuja sabla siku moja kabla kuangalia meza itakaa wapi. Alinionyesha. Ilisema familia imepokea "mabaki ya haramia Ghaith". Nilimuuliza kama neno lile ni la lazima.

Akanambia, "Ami, nimewaomba waliondoe. Wanasema likiondoka, basi wao walimnyonga nani?"

Nilimwona amechoka. Alisema ubalozi wa taifa la bendera nao umeandika unataka kualikwa, kwa kuwa marehemu alikuwa chini ya bendera yao, na huu wa manowari umekataa, na barua zimeanza upya. Nikamwambia mzee wa watu bado yumo katika mnyororo.

Nilimpigia Bi Sayyida nikamsomea. Yeye hapokei habari mbaya kwa simu. Anakata, halafu anakutumia sauti. Sauti ile nnayo bado na nimempa afisa aisikilize. Inasema: "Sleyum, waambie mimi sitii saini ya kupokea haramia. Mimi nnapokea babu yangu. Haramia wabaki naye huko huko kwao."

Ujumbe huo niliufikisha kwa Rawan, na Rawan aliufikisha kwa wakubwa zake. Jibu lilikuwa kuwa mambo ya saini yatazungumzwa pale pale, kwa kahawa.

Mnamo Jumanne hiyo, saa tisa na nusu, wanaume walianza kuingia. Wanawake walikuwa upande wao, ukumbi wa pili, pamoja na Bi Sayyida. Nantongo, msichana wa Uganda anayemsaidia Bi Sayyida nyumbani, alileta madele ya kahawa mlangoni kwangu. Yeye alikuwa mtu pekee siku ile aliyeuliza lililohitaji kuulizwa.

"Baba, huyu marehemu amekufa lini?"

Nikamwambia zamani.

"Zamani ya mwaka jana?"

"Zamani ya manowari."

Akaliweka dele chini. "Haki ya Mungu! Sisi kwetu Masaka, miaka hiyo yote, tungekuwa tumeshapigania shamba lake na tumeshapatana."

Nikamwambia sisi bado hatujapatana. Akacheka, kisha akakumbuka ni msiba, akajifunika mdomo na mtandio, akaondoka.

Ukumbi ulijaa. Wengi walijua msiba ni wa nani. Wengine hawakujua. Walikuwepo mabwana wa mtaa wa Wattaya, wa maduka ya magari, ambao huja kila azaa wanayoisikia, kwa thawabu na kwa biashara, na wao walikaa wameinamisha vichwa kama marehemu wamekula naye chakula juzi. Wafiwa walikaa safu ya kulia, kama desturi. Wa kwanza katika safu alikuwa Harub, mjukuu wa Bi Sayyida, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, mfanyakazi wa serikali. Meza ya saini, kitambaa cha kijani, kalamu mbili na bendera ndogo, ilikuwa upande wa kushoto, nyuma ya madele. Aliyeiweka pale ni mimi. Upande wa kulia hakukuwa na nafasi.

Saa kumi kasoro dakika chache gari ya ubalozi ilifika. Alishuka mshauri wa utamaduni, mtu wa makamo, mrefu, mwenye Kiarabu cha darasani. Alikuwa amelishika sanduku la fuvu mwenyewe, kwa mikono miwili, kifuani. Rawan alinieleza baadaye kuwa wakubwa ndio walioamua hivyo, kwa heshima: aliye na cheo alibebe. Sanduku lilikuwa la mbao nyeupe, dogo. Mtu angeweza kulitia kwapani.

Hapa nnaomba yaandikwe kama nnavyosema, kwa sababu ndipo penye kesi.

Kwetu, jeneza halingojewi. Likitokea, watu husimama. Anayefika anatia mkono, aliyetangulia anaachia na kurudi nyuma, na hivyo hivyo mpaka kaburini. Hakuna anayepanga zamu, wala hakuna anayekataa kupokewa. Ukikataa kupokewa umemnyima mwenzio thawabu, na hilo ni aibu. Mtoto analijua kabla ya kujua kuandika. Mikono inafanya, akili inakuja nyuma.

Sasa wewe mchukue maiti, umtie mikononi mwa mtu, umpitishe mlango wa mbele, mbele ya wanaume wapata sitini waliokaa wanamngojea. Halafu utegemee watakuelekeza mezani.

Mshauri aliingia. Watu wote wakasimama. Mtu mmoja, simjui, akasema "La ilaha illa Llah", na ukumbi ukamjibu. Harub alipiga hatua na kunyoosha mikono.

Nimeulizwa kama Harub alilinyakua sanduku, kama ilivyoandikwa katika malalamiko ya ubalozi. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Mtu anayenyang'anywa kitu, vidole vyake hubaki nyuma, vinang'ang'ania. Mshauri alimtazama Harub usoni, akaitazama mikono yake, na akaachia. Vidole vyake vilifunguka kabla vya Harub havijafumba. Kwa kitambo kidogo sanduku lile halikuwa mikononi mwa mtu yeyote. Harub akaliwahi.

Kutoka kwa Harub lilikwenda kwa ami yake, kutoka hapo kwa mwengine, na mwengine. Rawan alipaza sauti, "Saini! Jamani, saini kwanza!" Lakini sanduku lilikuwa limeshafika kwa mabwana wa Wattaya. Mmoja wao, mnene, alilichukua akaliweka kwenye shavu lake, na alilia kweli. Likatoka mlango wa nyuma. Sanduku la kubebwa na mtoto lilibebwa na ukumbi mzima.

Nimeulizwa kama kulikuwa na mtu aliyepanga liende hivyo. Mimi sikupanga. Harub, kwa nilivyomuona usoni, alikuwa ameshtuka kuliko mshauri. Bi Sayyida alikuwa upande wa pili wa ukuta. Siwezi kuapa juu ya anayoyapanga Bi Sayyida.

Mshauri alibaki katikati ya ukumbi, mikono bado iko kifuani, mitupu. Akanigeukia akaniuliza, kwa Kiarabu, asimame wapi. Nikamwambia, "Usisimame. Fuata." Akafuata.

Makaburi si mbali, tulikwenda kwa miguu. Njiani watu walimpisha mshauri naye apate zamu yake, kwa sababu alikuwa mgeni na mgeni hanyimwi. Alilipokea. Alilibeba pahala parefu kidogo, mpaka akapokewa tena. Imamu alisalisha. Alisema kilicho cha maiti huzikwa, na mengine ni mjadala wa wenye nafasi. Lilizikwa kabla ya magharibi. Watu walipotia udongo, kila mtu ukufi mara tatu, mshauri alingoja mpaka mwisho. Kisha akainama, akatia na yeye mara tatu. Aliharibu suruali.

Wakati wa kurudi alinishika kiwiko akaniomba hili la udongo nisiliseme. Nilimwambia sitalisema nisipoulizwa. Leo nimeulizwa, na nnasikia kwa Rawan kuwa ameshakatiwa tiketi ya kurudishwa kwao, kwa hiyo nnadhani limeshajulikana kwa wanaohusika. Simlaumu. Kama nnaruhusiwa kutoa rai, katika habari hii yote, tangu manowari mpaka leo, yeye ndiye mtu wa kwanza wa upande ule aliyemshika Ghaith kisha akamwachia. Mulazim amesema rai hazitakiwi. Nimemwomba aiache tu, karatasi bado ina nafasi.

Mnamo Jumatano, tarehe 21, ubalozi ulipeleka malalamiko kuwa mali yake imechukuliwa kwa nguvu kabla ya kukabidhiwa. Harub aliitwa saa tano asubuhi na mpaka leo hajarudi nyumbani. Jioni yake mwanasheria wa ubalozi alikuja sabla. Ni mtu mpole. Alinywa kahawa, akasema wao hawataki ugomvi. Familia irudishe sanduku, karatasi itiwe saini, sanduku likabidhiwe upya kwa utaratibu, na malalamiko juu ya kijana yatafutwa siku hiyo hiyo.

Nilimuuliza, "Lirudishwe vipi? Limeshazikwa."

Akasema, "Litatolewa kwa heshima zote."

Nilimwambia heshima zao nimezisoma. Kisha nikajuta, kwa sababu alikuwa mgeni na kikombe kipo mkononi.

Nimeulizwa kama nimezungumza na Harub tangu akamatwe. Ndiyo, Ijumaa, kwa ruhusa, dakika kumi. Alikuwa hajanyoa. Alisema, "Ami, mwambie bibi asimtoe kwa ajili yangu. Akimtoa, mimi nitatazamana na nani?" Nikamwambia kazini kwake wameuliza. Akasema anajua, na akaniuliza mambo ya mpira.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Sayyida. Alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba, Nantongo anamkanda. Nilimweleza aliyoyasema mwanasheria, na aliyoyasema Harub.

Akasema, "Babu yangu ameshatolewa kwa wakubwa wapate kupatana. Mara moja yatosha."

"Na Harub, Bi mkubwa?"

"Harub yu hai. Aliye hai ana mdomo, na ana mashahidi." Akanitazama. "Si wewe ulikuwepo mlangoni?"

Nikamwambia nilikuwepo.

"Basi."

Nilipotoka chumbani nikafika ukumbini kwake, nilimsikia anamuuliza Nantongo kule mahabusu usiku wanawapa blanketi au hawawapi. Nantongo alimjibu, "Wanawapa, Madam. Mazito." Nantongo hajawahi kufika mahabusu.

Jana Jumamosi, tarehe 24, saa tatu asubuhi, nilipelekwa makaburini na Mulazim Hatem. Walikuwepo mwanasheria wa ubalozi, mshauri, na wafanyakazi wawili waliokuja na sepetu. Niseme kwa ajili ya atakayesoma haya bila kufika kule: makaburi ya kwetu hayaandikwi majina. Ni udongo na mawe yaliyosimamishwa, ya tajiri na ya maskini sawa sawa. Wiki ile tulikuwa tumezika sana, kwa mafua yaliyopita mtaani. Palikuwa na makaburi manne mabichi, ya wanaume wote, yanafanana, kwa kuwa hata la sanduku lilichimbwa kwa urefu wa mtu mzima.

Aliulizwa kwanza mshauri. Alitembea makaburi yote, pole pole, mikono nyuma. Alirudi akasema kwake yeye mawe yote ni mamoja, hawezi kutambua. Mwanasheria alimwambia afikiri tena. Akafikiri tena, akasema ni mamoja.

Nimeulizwa kama mshauri alipokuwa akitembea kuna pahala alipozunguka asipakanyage. Sikuangalia miguu yake.

Kisha niliulizwa mimi. Pale nilisema nitajibu kituoni, nikiwa nimekaa. Sasa nimekaa.

Mulazim ameniuliza kama nnalijua kaburi lenye sanduku. Jibu langu ni hili. Katika makaburi yale manne, matatu ni ya watu wa mtaa wangu, wana watoto wao, na watoto wao wamekunywa kahawa yangu. Nikionyesha nikakosea, mtafukua baba wa mtu. Nikionyesha nisikosee, mtafukua babu wa Bi Sayyida. Kwa hiyo sionyeshi.

Mulazim amenionya kuwa shahidi akikataa kujibu anaweza kushitakiwa. Nimemwambia aandike. Ameandika. Ameniuliza kama nimefahamu. Nimefahamu. Nina pumu na dawa ya presha, zimo katika mfuko wa kanzu, na mke wangu anajua niko wapi.

Kuhusu Harub, nnarudia ili isiwe na shaka: hakunyakua. Alipewa. Aliyempa yumo mjini mpaka Jumatano na anaweza kuulizwa, na kama ataulizwa mbele yangu nitafurahi, lakini hata nisipokuwepo sidhani kama atasema vingine.

Niliyoyaona nimeyasema, na ambayo sikuangalia nimesema sikuangalia. Mimi sina zaidi. Nimesomewa haya kwa Kiswahili kutoka mwanzo, nimesahihisha pahala pawili, na nnatia saini yangu nikiwa na akili zangu na uchovu wangu.

(Saini) Sleyum bin Khalfan

MAELEZO YA AFISA: Yameandikwa na mimi, Mulazim Hatem, kwa mkono wangu, na kumalizika saa tano na dakika kumi asubuhi. Shahidi alikuwa mtulivu. Baada ya saini, mwakilishi wa ubalozi aliyekuwa akingoja nje aliomba shahidi aulizwe tena swali la kaburi. Nimemjibu kuwa mahojiano yamefungwa. Mshauri wa utamaduni amepigiwa simu mbele yangu na amethibitisha kuwa aliliachia sanduku kwa hiari yake. Atakuja kuandikisha maelezo kesho. Kwa kuwa hakuna ushahidi wa kunyang'anya, napendekeza Harub aachiwe leo. Fomu hii ina ukurasa wa mchoro wa eneo la tukio. Nimechora sabla, mlango, safu ya wafiwa na meza. Sehemu ya makaburi nimeiacha tupu.